Nishati giza: uipime au uikokotoe? Kwa mwanafunzi mwenye kisanduku kimoja cha kutia tiki

Umeme ulikatika mara tu baada ya isha, tukapanda darini. Kibokoni, hapa Mombasa, ikizimika hivyo, nyota hurudi kama wenyeji waliokuwa safarini, na usiku ule hata Njia Nyeupe ilionekana juu ya mapaa ya mabati. Mpwa wangu, aliye mwaka wa tatu wa fizikia, hakuwa akitazama juu. Alikuwa na laptopu mapajani, chaji imebaki asilimia 18, na fomu ya maombi ya uzamili imefunguka mbele yake.

"Mjomba, wanataka kisanduku kimoja tu. Nishati giza kwa uchunguzi, au nishati giza kwa nadharia. Nitie tiki wapi?"

Nikamjibu kiualimu, yaani kwa swali: "Moyo wako uko wapi?" Akanyamaza, akafunga laptopu kuokoa chaji. Nilistahili kunyamaziwa, mtoto anaulizia njia, wewe unamuulizia moyo. Basi haya ndiyo niliyopaswa kumwambia usiku ule, na nayaandika kwa yeyote mwingine aliyekwama kwenye kisanduku kama hicho.

Tunazungumzia nini

Kwamba ulimwengu unatanuka, hilo linajulikana tangu Georges Lemaître alipoliandika mwaka 1927 na Edwin Hubble alipochapisha vipimo vyake mwaka 1929. Watu walitarajia mtanuko huo uwe unapungua kasi, kwa kuwa graviti ya galaksi zote huvuta kurudisha nyuma. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yaliyokuwa yakishindana yalipima supanova, yaani milipuko ya nyota, za mbali yakakuta kinyume chake: mtanuko unazidi kasi. Saul Perlmutter wa kundi moja, na Brian Schmidt na Adam Riess wa kundi la pili, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2011. Kile kinachosukuma kilipata jina lake kwa Michael Turner, mwaka huohuo wa 1998. Giza hapo si rangi, ni kukiri kwamba hatujui ni kitu gani. Kwa hesabu za leo kinachukua kama asilimia 68 ya vyote vilivyomo ulimwenguni, maada giza, ile isiyotoa mwanga, inachukua 27, na asilimia 5 iliyobaki tunagawana sisi, bahari, nyota na Fort Jesus.

Upande wa vipimo

Ondoa kwanza ile picha ya mtu aliyejifunga koti zito akichungulia kwenye darubini hadi alfajiri. Wengi wanaochunguza nishati giza kwa vipimo hawajawahi kuigusa darubini iliyowaletea data. Kazi yao ni kompyuta, takwimu na ubishi mwingi juu ya makosa madogo.

Fikiria uko ufukweni Nyali usiku usio na mwezi, na wavuvi wako baharini na karabai zao. Kama unajua karabai zote ni za aina moja na zimepampwa sawasawa, inayoonekana hafifu ndiyo iliyo mbali, na uhafifu wenyewe unakupa umbali: mwanga ukipungua mara nne, umbali umezidi mara mbili. Supanova za aina ya Ia ndizo karabai za kosmolojia, sayansi ya ulimwengu mzima. Ni vibete vyeupe, yaani masalio ya nyota zilizokwisha kuni, vinavyolipuka na kung'aa kwa mwanga unaokaribiana. Neno lenye uzito hapo ni "unaokaribiana". Mwaka 1993 Mark Phillips alionyesha kwamba zile zinazochelewa kufifia huwa na mwanga mkali zaidi tangu mwanzo, na bila kurekebisha hilo karabai hazina faida. Kisha kuna vumbi la angani linalopunguza mwanga njiani, kama ukungu wa bahari unavyokudanganya kwamba ngalawa iko mbali kuliko ilivyo.

Baada ya marekebisho yote, kundi la Riess lilikuta supanova zake ziko mbali kwa asilimia 10 hadi 15 kuliko zilivyopaswa kuwa katika ulimwengu wenye maada haba na usio na msukumo wowote. Tofauti yenyewe ni hiyo. Kosmolojia nzima iligeuzwa na asilimia kumi na kitu, kwa hiyo mtu ambaye asilimia kumi haimkoseshi usingizi asije upande huu.

Njia ya pili ni rula. Katika miaka kama 380,000 ya mwanzo ulimwengu ulikuwa supu moto, na mawimbi ya sauti yalisafiri ndani yake. Ulipopoa, mawimbi yakaganda na kuacha alama: galaksi zina upendeleo mdogo wa kukaa umbali wa karibu miaka ya nuru milioni 490 baina yao. Alama hiyo ilionekana mwaka 2005 katika ramani mbili tofauti za galaksi. Ukiipima rula hiyohiyo katika zama mbalimbali, unajua ulimwengu ulitanuka kwa kiasi gani kila zama. Kifaa kinachoongoza sasa ni DESI, kilichofungwa kwenye darubini ya mita 4 kule Kitt Peak, Arizona. Kina roboti ndogo 5,000, na kila moja inaelekeza uzi mwembamba wa kioo kwenye galaksi yake, kunasa mwanga na kuona umevutika kiasi gani kuelekea wekundu. Machi 2025 walitoa matokeo ya galaksi na kwasa (vitovu ving'avu vya galaksi za mbali) zaidi ya milioni 14. Ukiyachanganya na mwanga wa kale wa ulimwengu, uliobaki tangu ile supu moto, pamoja na supanova, yanaonyesha dalili kwamba nishati giza inadhoofika kadiri muda unavyokwenda. Uzito wa dalili hiyo unategemea umechanganya na jedwali la supanova la nani: kuanzia sigma 2.8 hadi 4.2, na sigma ikizidi, ndivyo inavyokuwa vigumu dalili kuwa bahati tu. Desturi ya fizikia ni kungoja 5 kabla ya kupiga vigelegele. Haitoshi kufungia kesi, lakini nayo si ya kupuuzwa.

Zipo njia nyingine, kama kupima jinsi maada inavyopinda mwanga wa galaksi za nyuma yake, kazi inayofanywa na Euclid, chombo cha Ulaya kilichorushwa angani tarehe 1 Julai 2023. Kuhesabu makundi makubwa ya galaksi ni njia nyingine pia, na hapa mtu wa mwambao ana haki ya kukohoa kidogo. Makundi hayo yana gesi moto inayong'aa kwa eksirei, na satelaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, wakaiita Uhuru. Nimefundisha wanafunzi wengi wanaopita Malindi kila likizo, na hakuna aliyewahi kuniambia habari hiyo kabla sijamwambia.

Sasa nikuonyeshe kazi yenyewe kwa karibu. Baada ya usiku ule wa darini nilimpa mpwa wangu jedwali la Pantheon+, ambalo liko huru mtandaoni kwa yeyote: vipimo 1,701 vya supanova 1,550. Lenyewe ni dogo kuliko video moja ya harusi. Akaandika programu kwa Python, na kufikia alasiri ya siku ya pili akaja mbio na jibu: ulimwengu unazidi kasi, na kiwango cha shaka ni kidogo ajabu. Alifurahi mno, nami nikaona vibaya kumuuliza.

"Na lile faili la pili umelitumia?"

Jedwali lile huja na faili jingine, safu 1,701 kwa safu 1,701, karibu namba milioni 2.9, zinazoeleza ni kwa kiasi gani kosa la supanova moja ni kosa la mwenzake pia. Darubini ileile, kichujio kilekile, masahihisho yaleyale ya vumbi: zikikosea, zinakosea pamoja. Yeye alilihesabu kila kosa kana kwamba limezaliwa peke yake. Faili alikuwa ameliona, akaliacha kwa sababu "ni kubwa na halieleweki". Alipoliingiza, jibu halikuhama sana, lakini kiwango cha shaka kilivimba.

"Mjomba, nimefanya kazi zaidi nikajua kidogo zaidi."

Nikamwambia hiyo ndiyo kazi. Akanuna hadi chakula cha usiku.

Upande wa nadharia

Upande huu hauna faili la kupakua. Una swali, karatasi, na hesabu ambazo mtu huzikalia miaka miwili kabla hazijamzoea.

Maelezo mepesi kuliko yote ya nishati giza ni yale aliyoyaingiza Albert Einstein mwaka 1917 kwa sababu nyingine kabisa: konstanti ya kosmolojia, inayoandikwa kwa herufi ya Kigiriki Lamda. Ni nishati ya ombwe lenyewe, ya mahali pasipo na kitu. Nafasi ikitanuka, maada huzimuliwa kama chai iliyozidi maji, lakini hii haizimuliki. Kila nafasi mpya huja na sehemu yake. Ndiyo maana zamani haikuwa na nguvu na leo imetawala.

Ni nyingi kiasi gani? Tulipiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya maji. Vipimo vinatoa takriban jouli 6 zikigawanywa kwa bilioni 10, katika kila mita moja ya ujazo. Sasa chukua mchemraba wa kilomita moja kila upande, unaoweza kuifunika Fort Jesus na mitaa iliyoizunguka hadi mawinguni. Ndani yake mna mita za ujazo bilioni moja. Zidisha: unapata kama nusu jouli na ushei. Hiyo ni nishati ya kuinua yai moja la kuku kutoka sakafuni hadi mezani. Mpwa wangu alirudia hesabu mara tatu akidhani amepoteza sifuri. Yai moja! Na bado ndiyo inayosukuma galaksi, kwa kuwa ulimwengu karibu wote ni mahali patupu, na kila penye utupu pana yai lake.

Ugumu unaanza mtu akiuliza kwa nini yai moja. Fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kabisa, inasema ombwe si tupu kweli. Nyuga zake, yaani vitu vilivyoenea kila mahali kama uga wa sumaku, hutikisika hata zikitulia, na mtikisiko huo una nishati. Ukiijumlisha kwa njia ya moja kwa moja hadi kikomo ambapo graviti ya kwanta inapaswa kuanza, unapata namba inayozidi iliyopimwa kwa moja ikifuatwa na sifuri 120. Ukikomea mapema zaidi sifuri hupungua, lakini aibu haiishi. Wapo wanaosema tofauti hiyo ndiyo ubashiri mbaya kuliko wote katika fizikia, na sijasikia anayewapinga kwa nguvu.

Mwaka 1987, miaka kumi na moja kabla ya mtu yeyote kuona mtanuko ukizidi kasi, Steven Weinberg alijenga hoja hii: konstanti ingekuwa kubwa kupita kiasi, galaksi zisingeumbika, na kusingekuwa na mtu wa kuuliza. Kwa hiyo tukiipima tutaikuta ndogo, ila si lazima iwe sifuri. Ikapimwa ikawa ndogo, na si sifuri. Kuna wanaouona huo kuwa ushindi mkubwa wa fikra, na kuna wanaosema ni kukata tamaa kulikovishwa kanzu safi. Mimi nimekaa baina yao, nikiegemea kwa walionuna.

Mwaka 1988 Bharat Ratra na Jim Peebles, na Christof Wetterich kwa upande wake, walipendekeza kitu kingine: labda si konstanti, bali ni uga unaobingirika polepole, ambao nguvu yake hubadilika na zama. Hapo ndipo herufi w inapoingia, uwiano wa shinikizo kwa msongamano wa nishati. Kwa Lamda, w ni -1 kamili, jana, leo na kesho. Kwa uga unaobingirika iko juu kidogo ya -1 na inaweza kusogea. Lakini uga wa kawaida, ulio peke yake, haushuki chini ya -1. Shika hilo, maana nitalirudia.

Kundi la tatu likasema hakuna nishati yoyote mpya, ni graviti ya Einstein ndiyo inayohitaji kurekebishwa kwenye masafa makubwa. Modeli zilikuwa nyingi, na nyingine nzuri kuzitazama. Kisha tarehe 17 Agosti 2017 nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa kama miaka ya nuru milioni 130 zikatuletea mawimbi ya graviti pamoja na mmweko wa miale ya gama, na tofauti ya kufika kwake ilikuwa sekunde 1.7 tu. Safari ya miaka milioni 130, sekunde 1.7. Maana yake graviti na nuru zina mwendo mmoja kwa usahihi wa kutisha, na modeli zote zilizohitaji miendo miwili zikafa siku ile. Kuna watu walikuwa wamewekeza miaka yao humo. Hawakukosea hesabu, walikuwa na hesabu sahihi za ulimwengu ambao si huu.

Lakini asije mtu akadhani wenye nadharia hungoja tu kunyongwa na vipimo. Ile rula ya galaksi niliyoitaja ilikokotolewa mwaka 1970 na Peebles pamoja na Jer Yu, na upande wa Urusi na Rashid Sunyaev pamoja na Yakov Zeldovich, ikaonekana angani miaka 35 baadaye. Bila wao, wapimaji wasingejua kwamba kuna rula ya kutafutwa.

Wanapoachana

Mombasa tuna ugomvi wetu wa kale unaofanana na huu. Usiku wa mwezi 29 wa Ramadhani, wapo waliopanda madarini wakitazama magharibi, na wapo walioshika hisabati wakisema mwezi umezaliwa saa fulani na dakika fulani. Nimewahi kuwaambia wanafunzi kwamba uchunguzi na nadharia ni kama makundi hayo mawili. Sisemi hivyo tena. Mwenye hisabati ya mwezi anajua mwezi uko wapi kwa dakika, na mwenye kutazama hambishii hilo. Ubishi wao ni juu ya kipi kinachohesabika. Katika nishati giza mwenye hisabati hana saa wala dakika ya kutaja. Ana modeli mamia, na hakuna hata moja inayotoa namba ya yai letu bila kuichomeka kwa mkono. Kwa sasa wanaotazama wametangulia mbele, na hilo lina uzito kwa anayechagua leo.

Tofauti nyingine ni watu. DESI ina watafiti zaidi ya 900 kutoka taasisi zaidi ya 70. Ukiingia kazi kama hiyo, jina lako linakaa kwenye orodha ndefu, na miaka miwili ya maisha yako inaweza kwenda kwenye kosa moja la uzi wa kioo. Karatasi ya nadharia huwa na majina mawili au matatu, na wazo ni lako. Kwa mwenye kupenda ngoma ya wengi, huku. Kwa mwenye kupenda kucheza peke yake, kule. Tabia huamua zaidi ya akili, nami nimeona vijana wenye akili kali wakiharibika kwa kuwekwa pasipo pao.

Mwendo nao unatofautiana sana. Kituo cha Rubin kule Chile, chenye kioo cha mita 8.4 na kamera ya megapikseli 3,200, kilionyesha picha zake za kwanza Juni 2025, baada ya maandalizi ya miaka mingi, na kazi yake kuu imepangwa kuchukua miaka 10. Mwenye nadharia anaweza kusoma matokeo Jumatatu na kuwa na rasimu Ijumaa. Hiyo ni raha, na ni mtego pia, kwa kuwa wenzake mia wana rasimu Ijumaa hiyohiyo.

Kisha kuna namna ya kushindwa, na hili ndilo ningelitanguliza kama ningeambiwa niseme jambo moja tu. Mpimaji hushindwa waziwazi: kipimo kilikosewa, vumbi halikuhesabiwa, matokeo yanafutwa, watu wanajua. Mwenye nadharia anaweza asishindwe kamwe, na hapo ndipo maumivu. Wazo lake halifi wala halithibitiki. Linabaki linaelea miaka ishirini kama jahazi lisilopata upepo. Wachache hupata sekunde 1.7 zao. Jiulize ni maumivu yapi kati ya hayo mawili unaweza kulala nayo.

Na kuna katikati

Wazee wetu wa pwani waliitazama Kilimia, lile kundi dogo la nyota, wakatunga: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ni kanuni inayofanya kazi. Haisemi kwa nini, lakini mkulima akiishika anajua lini apande. Katika nishati giza wapo watu wanaofanya kazi ya namna hiyo. Hawasemi nishati giza ni nini; wanatunga kanuni fupi inayoielezea, kisha wanaipeleka kwenye data. Iliyo maarufu ina namba mbili tu, moja ya thamani ya w leo na nyingine ya jinsi ilivyobadilika, nayo ndiyo iliyotumika kwenye matokeo ya DESI niliyoyataja.

Sasa rudi kwenye lile nililokuambia ulishike. Ukiisoma kanuni hiyo ya namba mbili kama ilivyo, matokeo yanasema zamani w ilikuwa chini ya -1 na leo iko juu yake. Imevuka mstari. Uga wa kawaida hauvuki mstari huo. Basi je, tumegundua kitu kigeni kuliko uga wa kawaida, au kanuni yetu fupi ndiyo iliyopinda ikatuonyesha mvuko ambao haupo? Mpimaji peke yake hana wa kumjibu swali hilo. Mwenye nadharia peke yake asingelipata. Kama wewe ni mtu wa kusimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, hapa pana kazi kwa miaka mingi ijayo, ingawa fomu nyingi hazina kisanduku chake.

Ukiwa Mombasa

Nitasema wazi: anayeanzia hapa, bila ndugu profesa wala pesa za kuchezea, aanze na vipimo.

Sababu ya kwanza ni kwamba data iko mlangoni. Nyaya za chini ya bahari zilitua Mombasa tangu mwaka 2009, na Pantheon+, sehemu ya kwanza ya data za DESI na nyingine nyingi ziko huru. Mtoto wa Kisauni na mtoto wa California wanafungua faili lilelile. Bando ndilo linaloumiza, si ruhusa. Kwa faili kubwa tumia intaneti ya chuo usiku watu wakilala, na usijaribu kushusha picha zenyewe. Rubin peke yake inatoa terabaiti kama 20 kwa usiku mmoja. Shusha majedwali yaliyokwisha kuchujwa.

Ya pili ni nchi yenyewe. Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika SKA, darubini kubwa ya redio ambayo sehemu yake inajengwa Karoo nchini humo, mahali ambapo sahani 64 za MeerKAT zinafanya kazi tangu 2018. Ramani za haidrojeni zitakazotoka huko zitapima rula ileile ya galaksi kwa redio. Mafunzo ya DARA, ya astronomia ya redio kwa vijana wa nchi hizo, yamefika Kenya, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya astronomia. Na mambo yakienda kombo, mtu aliyezoea kupambana na faili la namba milioni 2.9 hakosi kazi benki au kwenye takwimu za afya. Mwenye nadharia ya uga naye hupata, ila humchukua muda zaidi kueleza alichokuwa akifanya.

Nadharia inaonekana rahisi kwa sababu ni kalamu na karatasi, na hapo wengi huponzeka. Kalamu ni rahisi. Anayekusahihisha ndiye ghali. Bila msimamizi anayejua jometri ya Einstein na kwanta, mtu anaweza kuzunguka mwaka mzima kwenye kosa la alama ya kutoa. Mimi nilizunguka miezi minne, na ndiyo sababu nafundisha sekondari. Kwa anayewashwa na zile sifuri 120 hadi hali chakula, asizuiwe: aombe diploma ya ICTP kule Trieste, Italia, kituo cha fizikia ya nadharia alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya vijana wa nchi kama zetu, au taasisi yake shirika ya Kigali, au AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2003. Huko watu wa kumsahihisha wapo. Asijaribu peke yake chumbani.

Kama bado huna uhakika, jipe wiki mbili. Ya kwanza kaa na Pantheon+, mafaili yote mawili, hadi ujue kwa nini kiwango cha shaka kilivimba. Ya pili kaa na karatasi utoe mlinganyo wa mtanuko mwenyewe, uonyeshe ni kwa nini w lazima iwe chini ya -1/3 ili mtanuko uzidi kasi. Usitazame ipi umeifanya vizuri. Tazama ni ipi uliyoirudia usiku bila kuagizwa.

Mpwa wangu alimaliza zote mbili. Ile ya pili aliifanya upesi na kwa usafi, nikadhani ameshachagua. Kumbe usiku alikuwa amerudi kwenye jedwali, akizitoa supanova za karibu moja baada ya nyingine kuona jibu linahama kiasi gani. Alitia tiki kwenye uchunguzi. Kisha akaniuliza kama ile bahasha ya hesabu ya yai bado ninayo, maana barua yake ya maombi anataka ianzie hapo.